Kadi Niliyoirudisha kwa Mke Wangu

Kama ndiyo kwanza unakaa kitini, sogea nikupe ya nyuma kwa kifupi, tusicheleweshane.

Mimi ni kinyozi niliyefunga duka. Kazi niliyoishia kuifanya haiandikwi kwenye kitambulisho: nilikuwa narudisha kadi. Chama kikitaka kuonyesha kwamba wapinzani wake wanakimbilia kwake, mimi ndiye niliyekuwa nakimbia. Napanda jukwaani, najitaja kuwa kigogo wa chama kile, natubu, nalia, natumbukiza kadi ya zamani kapuni, navishwa kofia mpya, watu wanashangilia mpaka wanakanyagana. Kesho yake, mji mwingine, narudi nilikotoka.

Vyama vikubwa kwetu ni vitatu. Taa wanatawala. Daraja wanataka kutawala. Kufuli wanataka kualikwa na yeyote atakayetawala. Nimevihama vyote, nikarudi, nikavihama tena. Aliyekuwa anatupangia kazi tulimwita Dalali, na kipaji changu alikigundua msibani, kwenye maziko ya mjomba ambaye hata simpendi. Nililia siku hiyo mpaka wachimba kaburi wakaweka majembe chini. Tangu hapo kazini wakaniita Machozi.

Mke wangu alijua nauza magodoro miji ya mbali. Yeye alikuwa katibu wa Daraja wa kata yetu, na wale si wanachama wa kukodi. Baba yake alizikwa na bendera ya Daraja juu ya jeneza. Kaka yake, yaani shemeji yangu, dereva wa lori, alitobolewa jicho siku kikao cha siri cha Daraja kilipovamiwa na watu wenye marungu. Kikao kile walikijua watu wachache sana. Nani alikiuza? Kwetu swali hilo ndilo lilikuwa chai ya asubuhi na chakula cha jioni.

Wiki jana niliwaacha nimelala ndani ya gari la Dalali, mapazia yamefungwa, nikijua naenda mbali kuhamia Daraja. Kumbe mvua imezamisha uwanja wa huko, na mkutano umehamishiwa kwingine. Mimi sikuambiwa. Na kazi yetu ina mwiko mmoja tu: usihame mahali unapolala.

Basi sikiliza.

Nilishushwa nyuma ya jukwaa, usingizi bado umenikalia machoni. Dalali akanivalisha miwani myeusi na kofia ya Taa, akanipachika kadi mkononi.

"Leo wewe ni mkuu wa uenezi wa Taa. Ulitumwa uibomoe Daraja kutoka ndani. Watu wanataka kusikia usaliti. Watilie chumvi mpaka waombe maji."

"Mbona kama uwanja umebadilika?"

"Uwanja ni uwanja. Panda, unaitwa."

Nikapanda. Umati nao ni umati, kote una sura moja, hasa ukiutazama kwa miwani myeusi. Mshereheshaji akapaza sauti: "Daraja!" Wakaitika: "Tuvuke!" Nikapewa kipaza.

"Ndugu zangu," nikaanza, sauti nimeiweka kooni ikwaruze kidogo, "mbele yenu mnamwona nyoka. Taa walinituma niishi katikati yenu. Nimelala na watu wa Daraja. Nimekula nao sahani moja. Siri zao nimezipeleka kwa Taa usiku na mchana. Leo nafsi inanisuta!"

Hapo nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi yenyewe. Umati ukinyamaza na wewe, kipaza kiko mdomoni, machozi yanakuja yenyewe, huyaiti. Mwanzoni nilikuwa nayaita kwa kumfikiria mama. Siku hizi hayangoji kuitwa. Yakashuka, wanawake wa mbele wakaanza kupenga kamasi, nikajua nimewapata.

Kwa taratibu za Daraja, kapu la kupokelea kadi hushikwa na katibu wa kata ya pale pale. Nikageuka nitumbukize kadi. Nikaona mikono iliyoshika kapu. Kidole cha kati kilikuwa na plasta, na plasta ile nilikuwa nimeifunga mwenyewe asubuhi, alipojikata na kisu cha vitunguu.

Nikainua macho. Mke wangu.

Nikanong'ona, "Mama, nitakueleza."

Hakunong'ona. Aliliweka kapu chini taratibu, akanivua miwani, akachukua kipaza mkononi mwangu.

"Ndugu zangu wa Daraja," alisema, "huyu mnayempigia makofi ni mume wangu."

Makofi yakakatika.

"Kitanda alichosema ni changu. Sahani alikula na kaka yangu. Mimi nilijua anauza magodoro! Mmemsikia kwa masikio yenu, sijamsingizia. Sasa muulizeni, jicho la kaka yangu aliliuza kwa nani?"

"Mpelelezi!" sauti ikatoka nyuma.

Basi. Sina haja ya kuwaeleza kipigo, kila aliyewahi kupigwa anakijua. Nitasema tu kwamba nilipigwa na wateja wangu wa zamani. Mmoja alinikalia kifuani, na kila akiinua ngumi naiona staili ya nywele niliyomzoesha mwenyewe, panki iliyonyooka vizuri kabisa, na wazo likanijia kwamba kazi nzuri haimwokoi mtu. Wengine walinivua viatu. Kofia ya Daraja iliyokuwa imeandaliwa kwa ajili yangu walinisokomezea mdomoni. Gari la Dalali lilikuwa limekwisha kula kona, mapazia yamefungwa vilevile.

Nilifika nyumbani nikiwa peku. Nguo zangu zilikuwa mlangoni, zimefungwa ndani ya shuka. Sebuleni alikaa shemeji.

"Keti," akasema.

Nikaketi. Shemeji yule alinipenda, jamani, lazima mjue hilo. Ndiye aliyenitetea ukoo wao uliposema binti yao hawezi kuolewa na kinyozi. Alikuwa akinipandisha kwenye lori lake, tunaenda tunaimba. Baada ya jicho kutoka, walimnyang'anya lori. Sasa alikuwa anaosha malori ya madereva wengine.

Alichukua jagi ajimiminie maji. Maji yakamwagika mezani, pembeni kabisa ya glasi. Tangu jicho litoke vitu havikai pale anapoviona. Akasogeza glasi kwa kupapasa, akamimina tena, na sisi wote tukajifanya hatukuona.

"Shemeji, mimi si mtu wa Taa," nikasema.

"Umesema mwenyewe kwenye kipaza. Mtaa mzima umesikia. Jirani yetu kiziwi ameelezwa kwa mikono."

"Ni kazi ile! Nalipwa niseme. Kesho ningesema nimetoka Daraja naenda Kufuli."

"Kwa hiyo wewe si msaliti. Wewe ni mwongo."

"Ndiyo! Mwongo! Mwongo mkubwa, shemeji, naapa!"

Msomaji, umewahi kumpigia mtu magoti akuite mwongo, naye akakunyima?

"Sasa mwongo akiapa," shemeji akasema, "mimi hicho kiapo nikipeleke wapi?"

Mke wangu alitoka chumbani, kanga kifuani, kidole kile cha plasta kinaelekeza mlangoni. "Kaka, unapoteza muda wako. Mtoe nje. Nikimtazama nasikia kutapika."

"Mke wangu..."

"Usiniite hivyo. Jicho la kaka yangu ulilibeba mfukoni, ukaja nalo kitandani kwangu."

Alisema hivyo bila kupepesa. Nililia, na hilo halikunisaidia, maana ndani ya nyumba ile machozi yangu yalishakuwa bidhaa.

Shemeji akasimama. "Nakupa njia moja. Mlete huyo mtu anayekukodi. Aseme kwa mdomo wake, mbele yangu, kwamba wewe hujawahi kuwa na chama chochote. Akisema, utarudi kwa mke wako, na mimi nitakuomba radhi kwa magoti. Asiposema, jicho langu nitalidai kwako. Sikutishi, shemeji. Nakuarifu."

Sasa mnajua nilichokuwa natafuta: mdomo mmoja useme kweli, nirudi kwa mke wangu na macho yangu yote mawili.

Chumba cha Dalali kiko nyuma ya studio ya picha za pasipoti. Humo ndimo tulikuwa tunapigwa picha za kadi, leo kwa tai, kesho kwa shati la mkulima. Ukutani, kwenye msumari mmoja, zilitundikwa kofia za vyama vyote vitatu, moja juu ya nyingine. Nilimkuta anakata kucha.

"Machozi! Pole bwana. Nilitaka kurudi nikuchukue, lakini dereva aliogopa kioo kitavunjwa."

Nikamweleza shida yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa pua.

"Wewe unajua unachoniomba? Nikisema wewe ni wa kukodi, nimesema wote ni wa kukodi. Uchaguzi uko mlangoni. Taa wana pesa, Daraja wana watu, Kufuli wana kelele, na wote hao wanapita kwangu. Nikawamwagie mtama kwa sababu ya jicho la dereva?"

"Ni ndoa yangu, mzee."

"Ndoa nayo ni kadi tu. Ukirudisha moja unapewa nyingine."

Nilipiga magoti palepale kwenye sakafu yenye kucha zake. Nililia kilio ambacho sijawahi kukiuza, kilio cha tumboni, kibaya, chenye makamasi. Dalali alinisogelea, akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye mwanga kama anachagua nyanya.

"Haya sasa ndiyo machozi," akasema. "Haya yatunze."

Nilitaka kumtafuna. Lakini akakaa, akafikiri, akalegeza sauti.

"Haya, nikusaidie. Jumamosi Taa wana mkutano mkubwa. Kuna mhamaji mzito anatoka Daraja, jina limefichwa. Wewe utashika kapu tu, husemi chochote. Mlete shemeji wako, mweke mbele kabisa, karibu na ngazi. Mkutano ukiisha nitamwita nyuma, nitamwambia yote, mdomo wangu na sikio lake. Umeridhika?"

"Kwa nini mimi ndiye nishike kapu?"

"Kwa sababu sasa sura yako inajulikana. Watu wanataka kukuona."

Neno hilo lilipita sikio hili likatokea lile. Mtu akiwa na njaa ya kuaminiwa hachambui anachopewa.

Kumshawishi shemeji haikuwa kazi ndogo.

"Mimi niende kwenye mkutano wa Taa? Na jicho hili?"

"Shemeji, huyo mtu atakuwepo. Amekubali kusema."

"Nitakuja," akasema. "Ila ukinichezea, usikimbie. Mimi siku hizi siwezi kukimbiza mtu, nitaanguka. Nakuomba tu usikimbie."

Jumamosi alikuja. Alivaa kofia yake ya zamani ya udereva, isiyo ya chama chochote, akasimama mbele kabisa, mkono ameushika kwenye kamba karibu na ngazi za jukwaa. Mchana ulikuwa mweupe, jua kali. Nikamwinulia mkono. Hakujibu, lakini hakuondoka.

Nikapelekwa nyuma, kwenye turubai la wageni. Kulikuwa na viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa, meza ya vinywaji na feni moja inayozunguka kwa uvivu. Mwenyekiti wa Taa, mzee mnene mwenye sauti laini, alikuwa anajifuta shingo. Nikapewa kapu.

Turubai likafunuliwa. Akaingia mhamaji mzito kutoka Daraja.

Alikuwa mke wangu.

Mwanzoni sikuelewa. Nikasema moyoni, masikini, wamemfukuza Daraja kwa sababu yangu, na sasa hana pa kwenda. Nilitaka kumkumbatia. Nikapiga hatua.

Dada wa vinywaji akanipita na chupa ya chai. "Shikamoo, Bi Katibu," akamwambia. "Nakuwekea ileile yako? Bila sukari, majani mengi?"

"Ileile," mke wangu akasema.

Nikasimama hapo hapo. Ileile ipi? Mtu hazoeleki hivyo kwa siku moja. Katibu wa Daraja, binti wa marehemu aliyezikwa na bendera, chai yake inajulikanaje kwenye turubai la Taa?

Mwenyekiti akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mwenzetu wa siku nyingi. Leo unatoka gizani." Akacheka, akatoka nje kupokea wimbo wake.

Tukabaki yeye, mimi na feni.

"Ni wewe," nikasema.

Alikunywa chai kwanza. "Punguza sauti."

"Kikao kile. Ni wewe uliyekiuza!"

"Niliambiwa watachukua vipaza na mabango tu, wawatishe, basi. Hakuna aliyeniambia habari ya jicho." Akapuliza chai yake. "Ungekuwa wewe ungefanya nini? Baba aliipa Daraja maisha yake yote. Walitutolea nini? Bendera. Na bendera yenyewe waliidai baada ya maziko, walisema iko moja tu. Taa waliniahidi udiwani. Mimi nimechoka kushika kapu, unaelewa? Nimechoka kupokea kadi za watu kama wewe!"

"Ulijua kazi yangu?"

"Jamani, mwanaume huyu! Miaka yote unauza magodoro, hata sampuli moja hujawahi kuleta. Tumelalia godoro la mama yangu mpaka leo." Akatikisa kichwa. "Siku ile jukwaani nilikutambua ulipokohoa tu. Nikasema, Mungu huyu amenipenda. Kaka alikuwa amebakiza watu wawili wa kuwashuku, na mmoja ni mimi. Halafu wewe unapanda mwenyewe, unashika kipaza, unasema ni wewe uliyewasaliti. Ningefanyaje? Nikatae?"

Nikageukia mlango wa turubai. "Nitamwambia. Yuko hapo mbele. Nitamwambia sasa hivi."

"Mwambie." Aliweka kikombe chini. "Nani anamlisha? Nani anamtia dawa kwenye lile shimo kila asubuhi? Yule hana mtu duniani ila mimi. Ukimwambia, utakuwa umemtoa na hilo jicho la pili. Hilo utaliweza?"

Alinisogelea, akanirekebisha kola ya shati, kama alivyokuwa akifanya zamani nikitoka kwenda kwenye magodoro. Plasta ilikuwa imetolewa. Kidole kimepona.

"Wewe umebeba dhambi za vyama vitatu hujavunjika mgongo," akasema. "Beba na hii moja. Kazi tu, baba."

Nje wakaanza kupiga kelele. "Taa!" "Iwake!" "Taa!" "Iwake!" Dalali akachungulia turubai, akanikonyeza, akasema, "Kapu! Twende, twende."

Hapo ndipo nililielewa lile neno lake, kwamba watu wanataka kuniona. Sikuwekwa pale nishike kapu. Niliwekwa pale nionekane.

Ningekimbia? Nilifikiria. Lakini shemeji alikuwa ameniomba kitu kimoja tu, nisikimbie, na mtu aliyeniomba hivyo ndiye pekee katika habari hii yote ambaye hakuwahi kunidanganya. Nikapanda.

Mke wangu alizungumza vizuri. Nimefanya kazi na wahamaji wengi, wa kulia, wa kupiga kifua, wa kuzimia kwa mkataba. Hakuna aliyemfikia. Hakulia hata tone. Alisimama ameshika kadi ya Daraja, ile ya kweli, iliyochakaa pembeni, aliyorithishwa namba na baba yake.

"Nilizaliwa ndani ya Daraja," alisema. "Siondoki kwa njaa. Naondoka kwa sababu nimeujua ukweli. Siku kikao chetu kilipovamiwa, Daraja walisema ni Taa. Mimi mwenyewe nilisema ni Taa! Taa walisingiziwa, ndugu zangu. Waliovamia ni Daraja wenyewe kwa wenyewe, wanagombea vyeo. Na aliyewafungulia mlango ni mtu asiye na chama, mtu wa kukodiwa, anayehama leo na kurudi kesho kwa ujira. Nimelala naye. Nimempikia. Ni huyu hapa, aliyeshika kapu!"

Mnaona ukatili wake? Alichukua ule ukweli niliokuwa naomba usemwe, kwamba mimi ni wa kukodi tu, akausema mbele ya watu wote, na akanifungia nao kitanzi.

Umati ukavuma. Nikatafuta uso wa shemeji. Alikuwa amevua kofia. Jicho lake moja lilikuwa juu yangu, na bado, naapa, lilikuwa linauliza. Halikuwa limehukumu. Lilikuwa linangoja neno langu.

Mwenyekiti wa Taa akainua mkono, watu wakatulia. "Sisi chama chetu ni cha haki," akasema kwa ile sauti yake laini. "Mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Mpeni kipaza ajibu."

Dalali mwenyewe ndiye aliyenishikia kipaza mdomoni.

Niliamua. Nasema kweli mbele yenu, niliamua. Nilisema moyoni, potelea mbali, nitasema. Shemeji, si mimi. Ni dada yako. Maneno machache tu, hata kumaliza pumzi hayamalizi. Nikafungua mdomo.

Umati ukanyamaza.

Ukanyamaza wote, hadi nyuma kabisa, hadi wauza maji. Kipaza kiko mdomoni. Kimya kile, mnakikumbuka? Kimya ninachokijua kuliko jina langu.

Machozi yakaja yenyewe.

"Hapana," nikajaribu, "shemeji..." lakini koo lilikuwa limeshajifunga, kama nilivyolifundisha lifanye. Midomo ikatetemeka kama nilivyoifundisha. Mabega yakaanza kupanda na kushuka. Nilikuwa nashindana na mwili wangu mwenyewe mbele ya maelfu ya watu, na mwili ulikuwa fundi kunishinda. Kadiri nilivyojikaza ndivyo nilivyolia vizuri zaidi.

"Amekiri!" mtu akapiga kelele. "Tazameni, amekiri!"

Mke wangu alitumbukiza kadi ile yenye namba ya baba yake ndani ya kapu. Niliisikia ikigonga chini. Karibu na sikio langu, taratibu, akaniambia, "Asante, baba."

Nilipofuta macho, kamba ya mbele ilikuwa imelegea. Shemeji alikuwa ameinama akapita chini yake, na walinzi wa Taa, ambao kwa kawaida hawaruhusu hata panya, walikuwa wamempisha. Alikuwa anapanda. Alipanda polepole, mguu unapapasa kila ngazi kabla ya kuikanyaga, kwa sababu jicho moja halipimi hatua. Kwenye ngazi ya juu mguu ulikosa, akayumba nusura aanguke chali.

Mke wangu akawahi. Akainama, akampa mkono, akamvuta kaka yake mpaka jukwaani, akamgeuza polepole kuelekea mahali niliposimama mimi na kapu langu.